Kile Kitu Cheupe Kwenye Mkono wa Koti

Ninyi vijana mnaofanya kazi kwenye magazini, maduka makubwa ya siku hizi, mnaoshika ile mashini inayotema etiketi kama mtu anayetema makapi ya miwa, wekeni mashini chini kidogo. Anayesema nanyi ni mimi Paluku, mbandika etiketi mstaafu wa Butembo, ambaye dole gumba lake la kuume limekuwa bapa kama kijiko kwa kukandamiza karatasi kwenye mikebe. Nikisema nilibandika etiketi za kutosha kufunika barabara yote kutoka Rughenda mpaka Beni, mke wangu husema ninaongeza chumvi. Sawa, naondoa Beni. Mpaka Maboya peke yake.

Kazi hii mnaiona ndogo. Nami niliiona ndogo. Lakini wakati wa vita, kipande cha plastiki kisichojaza hata kiganja cha mtoto kilimfunga patroni wangu, yaani bosi wangu, Papa Kasereka, siku tatu kule Mavivi, na mimi niliyekwenda kumtoa nusura nimpakie kwenye ndege ambayo waliopanda hawakurudi. Sikufanya kwa ubaya. Nilifanya kwa elimu.

Bon, ngoja nianze na gundi.

Gundi yetu ilikuwa uji wa unga wa muhogo. Aliyenifundisha kuupika ni Mama Masika, muuzaji wetu mkubwa. Papa Kasereka alikuwa na funguo za magazini, lakini mwenye magazini alikuwa Mama Masika. Alijua kila mkebe umekaa wapi na tangu lini. Alinionyesha kupika uji mpaka ukivuta kijiko kinakuja na sufuria. Etiketi zilishika vizuri sana. Shida ni panya. Panya wa Butembo wakati ule walikuwa wanene kama paka, na muhogo ni chakula chao kama chetu. Asubuhi tulifungua mlango tukakuta rafu nzima ya mikebe iko uchi, haina jina hata moja. Mama Masika akasaga pilipili, akamwaga kwenye sufuria ya gundi, akasema, "Balambe sasa." Panya wakahamia kwa jirani. Mpaka leo jirani hajui kwa nini.

Mikebe iliyokwisha kuvuliwa nguo tuliitambua kwa sikio. Hiyo nayo ni elimu, na hamtaipata kwenye mashini. Unashika mkebe karibu na sikio, unatikisa mara mbili. Maziwa ya maji yanapiga kelele kama mkutano wa familia. Tomati inakwenda taratibu, haina haraka ya kufika upande wa pili. Sardini inagonga kidogo, kwa adabu, kama mgeni mlangoni. Halafu kuna mikebe isiyosema kitu, na hapo ndipo nilipoanguka mara ya kwanza.

Padri mmoja wa parokia alikuja Kwaresima, akataka sardini sita kwa ajili ya Ijumaa, siku isiyoliwa nyama. Nikatikisa mikebe sita, ikanyamaza. Badala ya kumwita Mama Masika, nikasema moyoni: sardini hizi zimebanana, haziwezi kugonga. Nikaandika SARDINI kwa mwandiko wangu mzuri. Padri akafungua wa kwanza mezani: nyama ya ng'ombe. Jumatatu akanitumia ujumbe kwa mpishi wake: "Mwambieni Paluku kwamba nilifungua yote sita, ili kuhakikisha."

Mama Masika alicheka mpaka akashika rafu. Kisha akanigeukia na uso mwingine.

"Paluku, mukebe ikinyamaza, na wewe unyamaze. Andika: hapana jua. Kusema hujui ni aibu gani?"

"Lakini mama, mi niko na brevet!"

"Brevet inatikisika? Hebu itikise tusikie."

Ni kweli nilikuwa na brevet, cheti changu cha shule. Mchana nilibandika etiketi, jioni nilisoma umeme na radio katika shule ya watu wazima, miaka mitatu ambayo kwa uchovu mimi huihesabu kumi. Nilimaliza wa pili katika darasa. Siku hizo sikuwa nikitaja kwamba tulibaki wanafunzi wanne. Brevet niliiweka ndani ya plastiki, nikatembea nayo kila mahali kama kitambulisho, hata sokoni, hata kwa wakwe.

Sasa tuje kwenye kontena.

Vita ilikuwa imeshika, waasi wako madarakani, na wafanyabiashara wetu bado wanakwenda Dubai kama mtu anayekwenda kuchota maji. Papa Kasereka alisikia huko kuna magazini kubwa sana imefilisika, inauza kila kitu kwa mafungu. Akachukua fungu. Kontena likapita mpaka wa Kasindi, likafika kwetu na matope mpaka kwenye kofuli. Tulipofungua, tukakuta mali safi: makoti, mashati, magauni, maziwa ya watoto, nyembe za kunyolea. Lakini kila nguo ilikuwa na kitu. Kitu cheupe cha plastiki, kigumu, cha mviringo, kimeichoma nguo kwa msumari mdogo na kimeng'ang'ania. Chini ya mikebe ya maziwa pia kulikuwa na karatasi ya mraba iliyobandikwa, na ukiiinua kwenye mwanga unaona ndani mstari unaozunguka, unazunguka, hauendi popote. Na kwenye pembe ya kontena, katoni nzima ya vile vitu vyeupe peke yake, mamia, havijashika nguo yoyote, na misumari yake imefungwa pembeni.

Tukazunguka katoni ile kama watu waliokuta mtoto mlangoni.

"Ni vifungo," alisema Papa Kasereka.

"Vifungo bila tundu, Papa?" akauliza Mama Masika.

Mimi nikasema ni dawa ya mende. Tukanusa. Haikunuka. Nikajaribu kukitoa kimoja kwa meno. Jino likasogea, kitu hakikusogea. Tukajaribu koleo, maji ya moto, mafuta ya mawese. Mama Masika akakiweka sakafuni akakikalia, na Mama Masika hakuwa mtu mdogo. Kitu kikabaki kama kilivyotoka kwa mama yake. Ukikivuta kwa nguvu, shati linapasuka, chenyewe kinakuangalia.

Papa Kasereka akachoka. "Tuuze navyo hivyohivyo. Mwenye kununua atajua."

Hapa lazima mkumbuke desturi yetu. Mtu wa kwetu akinunua koti, kile kitambaa cha jina kilichoshonwa juu ya mkono hakitoi. Akitoa, nani atajua koti ni jipya? Kofia tunavaa na karatasi yake ya kung'aa. Basi mwalimu wa kwaya alikuwa wa kwanza kununua koti letu, na Jumapili akaingia kanisani na kile kitu cheupe kwenye mkono. Alipoinua mkono kuongoza wimbo, kikapanda. Alipoushusha, kikashuka. Waumini walikifuata kwa macho Misa nzima, mpaka Padri akasahau mahali alipofika. Jumatatu asubuhi tulipofungua mlango, watu walikuwa wamesimama wanauliza, "Zile za alama ziko?"

Ndani ya wiki mbili Butembo nzima ilikuwa na msemo mmoja: yenye alama ni ya kweli, isiyo na alama ni ya uongo. Akina mama walirudisha maziwa yasiyo na kile kizunguko cha chini. Vijana walikataa mashati yetu mengine, mazuri kabisa, yaliyoshonwa Kampala. Ndipo Papa Kasereka akakumbuka katoni.

"Paluku, hizi za bure, hapana weza kuzivalisha kwa nguo zingine?"

Nikajaribu. Unapitisha msumari kwenye kitambaa, unakutanisha na kile cheupe, unabonyeza kwa dole gumba: kraa! Basi. Hata Mungu haondoi. Nikawa fundi wa kraa. Nilivalisha mashati, suruali, miamvuli, mifuko ya kinamama, na tai ya mchungaji mmoja wa Kiprotestanti ambaye hakutaka Wakatoliki wamzidi. Niliuliza watu kumi vile vitu ni nini, nikapata majibu kumi na mawili. Mimi mwenyewe, nikiwa na brevet yangu mfukoni, niliona aibu kusema sijui, kwa hiyo kila aliyeniuliza nilimwambia, "Ni teknolojia."

Papa Kasereka alikuwa na depo ndogo Beni. Huko nako watu wakaanza kutaka alama. Basi siku moja akapakia katoni mbili za mashati kwenye pikapu, na sako, gunia moja, ya vile vitu vyeupe vilivyobaki, akaondoka na shoferi wake.

Jioni ya siku ileile shoferi alirudi peke yake juu ya lori la watu, miguu mitupu.

"Mama Masika, patroni banamukamata!"

"Nani anamukamata?"

"Baaskari ya Mavivi. Tulifika Beni, depo ikakuwa imefungwa, gardien, mulinzi ya mulango, akasema boss ya depo ameenda kuzika kule mbele ya Mavivi. Patroni akasema tumufuate. Kwa kizuizi, pembeni ya kiwanja ya ndege, banafungua sako. Banauliza, ni nini hii? Patroni anajibu: Mi hapana jua."

"Na ni kweli, hajui!"

"Ndiyo, mama. Mais banasema, mutu mzima na akili yake anabeba sako muzima ya kitu hajui? Banasema ni mashini ya kuita ndege ya adui."

Lazima mwelewe hofu ya siku zile. Wiki hiyo ndege ilikuwa imepita juu ya Beni mara mbili, na hakuna aliyejua ni ya nani. Watu walilala chini ya vitanda. Halafu anatokea mzee na mamia ya vitu vyeupe, vyote sawasawa, kila kimoja na msumari wake, karibu kabisa na kiwanja cha ndege. Hata mimi ningemkamata.

Tulingoja siku mbili tukifikiri watamwacha. Hawakumwacha. Siku ya tatu Mama Masika akapika bugali na sombe ya majani ya muhogo, akafunga kwenye kikapu, akasema twende. Mimi nikachukua brevet.

Njiani, juu ya lori la mkaa, nilijiandaa. Nilijiona nikiingia, nikieleza, Komanda wa askari wale akinipa mkono, Papa Kasereka akilia machozi ya shukrani. Mama Masika aliniangalia midomo yangu ikicheza peke yake.

"Paluku, ukifika kule, sema kidogo."

"Mama, hii ni mambo ya kisayansi."

"Ndiyo maana," akasema.

Komanda alikaa kwenye nyumba ya matofali karibu na kiwanja cha Mavivi. Meza moja, bastola moja juu ya meza, na sako yetu. Ukutani msumari mmoja, na nguo fulani imening'inia. Sikuiangalia vizuri, maana mtu aliye mbele ya bastola haangalii nguo. Papa Kasereka alikuwa ameketi juu ya kreti ya bia, hana mkanda, hana viatu, na ndevu zimeota nyeupe ambazo sikuwahi kujua anazo. Mama Masika aliambiwa angoje nje na kikapu chake.

"Wewe ni nani?" Komanda aliniuliza.

"Paluku, Komanda, mwenye brevet ya umeme na radio. Wa pili katika darasa."

Nikaitoa kwenye plastiki. Aliisoma yote, mpaka muhuri. Kisha akanisogezea kitu cheupe kimoja na kisu.

"Bien. Profesa, fungua. Huyu muzee wako siku tatu namuuliza hii kitu inafanya nini, anaimba wimbo moja: hapana jua, hapana jua. Wewe umesoma. Uniambie."

Vijana wangu, pale ndipo ningepaswa kukumbuka mikebe ya Padri. Sikuikumbuka. Nilikishika kile kitu, nikakipasua kwa kisu na kitako cha bastola, kwa ruhusa ya mwenyewe. Kikafunguka kama karanga. Upande mmoja kulikuwa na vipira vitatu vya chuma, vidogo kama mbegu za ulezi, na springi. Upande wa pili, waya mwembamba wa shaba uliozungushwa, mzuri sana, mizunguko imelala kama nywele za bibi arusi. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nilikuwa nimekijua kitu! Tulikuwa tumesoma hiyo!

"Komanda!" nikasema. "Hii ni bobine! Na hiki kidogo kilichoungwa pembeni ni kondansateri. Bobine na kondansateri zikikaa pamoja, zinapokea mawimbi ya hewani!"

"Mawimbi gani?"

"Ya radio, Komanda!"

Nikasikia mbuzi mahali fulani kwenye kiwanja cha ndege. Nikageuka kumwangalia Papa Kasereka ili nione machozi ya shukrani. Alikuwa ananiangalia kama mtu anavyoangalia daraja linalokatika naye yuko katikati.

"Donc ni radio," akasema Komanda.

"Kwa elimu... ni kama radio, ndiyo. Lakini haina umeme wake, Komanda! Haina betri! Haina pa kuongelea!"

"Radio bila betri." Akasimama. "Hata ile ya jeshi letu iko na betri. Hii ni ya nguvu kuipita. Inasema na nani?"

"Hapo sasa... hatukufika hapo. Mwalimu aliugua."

Komanda akamwita askari mlangoni. "Kesho asubuhi ndege inakuja. Huyu muzee apande. Aende kwa bakubwa, kule atajua." Akaninyoshea kidole. "Na wewe profesa, asante. Umetusaidia sana."

Sijawahi tena kusikia asante nzito namna ile. Kila mtu alijua ndege ile. Mke wa mtu aliyepanda aliambiwa mume wake anarudi wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa kila wiki. Nilitaka kusema maneno yangu yarudi, lakini nilichoweza kurudisha ni brevet tu, ndani ya plastiki, nikaificha chini ya shati. Mimi, Paluku! Papa Kasereka hakunikasirikia. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Masika aniletee chakula."

Mama Masika akaruhusiwa kuingia. Akapita mbele ya Komanda, akasalimu, akapiga goti kidogo kumpa Papa sahani. Aliponyanyuka, macho yake yakapita ukutani, yakasimama.

Kwenye msumari kulikuwa na koti la kijivu. Kwenye mkono wa koti, kitu cheupe.

Alilijua lile koti. Kifungo chake cha pili alikuwa amekishona mwenyewe kwa uzi wa kijani, kabla halijapelekwa depo ya Beni. Alijua pia namna lilivyotoka depo: mwezi uliotangulia, mtu mwenye bunduki alilijaribu mbele ya kioo, akasema asante, akaenda nalo. Hilo la pili hakulisema. Alisema hivi:

"Komanda, unisamehe, mi ni mwanamuke tu wa magazini, hapana soma. Hii kitu ni mubaya, ni ya kuita ndege?"

"Profesa wako amesema mwenyewe."

"Basi ile koti tuitoe inje haraka, bomu isije ikatuangukia humu."

Wote tukageuka. Komanda akaliangalia koti lake. Koti, nadhani, nalo lilimwangalia. Askari wa mlangoni akavua kofia yake polepole. Pembeni yake, kitu cheupe. Mwingine akainua mguu: kwenye kamba ya kiatu. Nje mtu akapiga kelele kwamba hata shati la mpishi linacho. Nikisema kambi nzima ilikuwa imevaa alama zetu nitakuwa nimeongeza, lakini sitakuwa nimeongeza sana.

Komanda akanigeukia. Jasho lilikuwa limemtoka puani.

"Profesa. Koti yangu ni radio?"

Hapo nilikuwa na jibu la kunipa maksi zote. Bobine ni ileile, kondansateri ni ileile. Nikamtazama Papa Kasereka. Alikuwa amefumba macho, tonge mkononi. Nikamtazama Mama Masika. Alikuwa ametazama mkebe. Ndiyo, kwenye dirisha la Komanda kulikuwa na mkebe mmoja, hauna etiketi, ameweka kalamu ndani.

"Komanda," nikasema, "mi hapana jua."

"Si umesoma!"

"Nilisoma jioni, Komanda. Lampe ilikuwa ndogo."

Askari mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Komanda akachukua kisu, akashika mkono wa koti, akaweka makali chini ya kile kitu cheupe. Kisu kikabaki pale.

"Ukitoa, batu watasema ni ya uongo," akasema Mama Masika kwa upole, kama mtu anayemshauri mteja.

Nimewaona wanaume wakifikiri, lakini sijaona mwanaume akifikiri kama Komanda alivyofikiri pale. Upande mmoja, ndege ya adui. Upande wa pili, kuingia Beni na koti lisilo na alama, mbele ya makomanda wengine. Akaweka kisu chini. Akapangusa mkono wa koti.

"Tika," akasema kwa Lingala, yaani tuache. "Hii ni alama ya nguo ya kweli. Kila mutu anajua hivyo. Profesa huyu ni mujinga. Muzee aende kwake. Sako inabaki hapa."

Papa Kasereka alirudishiwa viatu, si vyake, lakini viatu. Sako ikabaki, na mashati pia. Nimesikia kwamba mpaka mwisho wa vita askari wa pale walivigawana vile vitu kwa vyeo, mkubwa vitatu, mdogo kimoja. Sikuenda kuhakikisha.

Njiani kurudi Papa aliangalia tu vile viatu visivyo vyake. Pikapu ilikuwa imebaki pia, kwa hiyo tulikaa juu ya lori, kwenye magunia ya viazi, upepo unatupiga. Tulipofika Maboya ndipo alipogeuka.

"Paluku."

"Ndiyo, Papa."

"Siku tatu baliniuliza. Nilikuwa na neno moja tu, nililishika na mikono mbili. Wewe ukakuja na mengi."

Mama Masika akanipa viazi viwili vya kuchemsha nishike tu mkononi, kimoja kwa kila mkono.

Kesho yake Papa Kasereka aliniita kwenye magazini, akanipa ubao na rangi. Akaniambia niandike etiketi kubwa kuliko zote nilizowahi kuandika, niibandike kwenye rafu ya nyuma. HAPANA JUA. Tangu siku ile, kila kitu tulichokipata bila kukielewa kilikaa pale: mikebe iliyonyamaza, mafuta yenye maandishi ya nchi ya mbali, vifaa vya jikoni vyenye meno yasiyo na kazi. Mtaniuliza kama watu walinunua. Ile rafu iliuza kuliko zote! Kwenye rafu ile nami nilichukua koti moja la rangi ya kahawia, zawadi ya Papa ya Noeli, na alama yake kwenye mkono. Nimelivaa mpaka nimestaafu.

Na koti hilo ndilo nililovaa mwaka binti yangu aliponialika Kampala. Akanipeleka kwenye magazini kubwa, ya vioo, yenye ngazi zinazopanda zenyewe. Nilikaa nusu saa naangalia tu etiketi zao, nikitafuta iliyopinda. Hakuna. Tulipokuwa tunatoka kwa mlango mwingine, mikono mitupu kabisa, mlango ukapiga yowe. Nikaruka. Mlinzi akaja mbio, kijana mwembamba, anasema Kiswahili.

"Mzee, rudi nyuma. Pita tena."

Nikapita. Mlango ukalia tena. Akanipapasa, akashika mkono wa koti, akacheka.

"Mzee, hili koti umelipia?"

"Hili ni zawadi ya patroni wangu! Lina miaka mingi kuliko wewe!"

Akanipeleka kwenye kaunta, akaweka kile kitu cheupe juu ya sumaku moja nene. Kla. Kikaanguka. Vijana wangu, meno, koleo, maji ya moto, Mama Masika mzima, na kumbe sumaku! Hata spika ya radio mbovu ingetosha, nami nilikuwa nimefungua spika mia. Nikamwuliza mlinzi, kijana, hii kitu ni nini? Akanieleza kama anavyomweleza mtoto: huwekwa kwenye nguo ambayo bado haijalipiwa. Ukilipa, wanaitoa. Ukipita nayo mlangoni, inamwambia mlango kwamba huyu hajalipa.

Nilimwomba anipe. Nikaifunga kwenye leso. Sikulala vizuri Kampala yote. Nilikuwa nawaona wale wote, mwalimu wa kwaya akiinua mkono wake kanisani, mchungaji na tai yake, Butembo nzima. Na mambo mengine sielewi hata sasa. Kama ni ya kukamata wezi, kwa nini waliipamba vizuri vile?

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa Papa Kasereka. Ni mzee sana sasa, anaota jua nyumbani kwake na blanketi magotini, sikio moja limekufa. Nikamwekea kile kitu kwenye kiganja. Akakitambua kabla sijasema.

"Papa, nimejua," nikamwambia kwenye sikio zima. "Si radio. Ni ya kuzuia wizi. Iko inasema kwa mlango: huyu mutu hakulipa."

Akakigeuza. Akakigeuza tena.

"Ile koti ya Komanda," akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Ile ya kifungo ya uzi wa kijani. Ya depo yetu."

"Ileile."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ni kikohozi, nikataka kumwita mtu. Haikuwa kikohozi. Papa Kasereka, ambaye tangu Mavivi sikuwahi kumsikia akicheka kwa sauti, alicheka mpaka blanketi likaanguka chini.

"Siku tatu, Paluku! Siku tatu anapiga meza, ananiuliza hii kitu inasema nini, inasema nini! Na iko kwa musumari nyuma ya kichwa yake, inasema: huyu hakulipa!"